Mstari wa Jina la Baba

Karani Beda wa ofisi ya wilaya aliisoma karatasi ya ubatizo mara mbili, kisha akamwita mwenzake wa meza ya dirishani aje aisome naye.

"Njoo uone mambo ya milimani," alisema. "Mama, Agnesi binti Marko. Baba, Anselmi Marko. Babu mmoja! Kumbe huko kwenu, ndugu Ida, mtu hahangaiki kuvuka mto kutafuta mchumba. Anabisha hodi chumba cha pili."

Mwenzake alicheka mpaka akashikilia kabati. Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu zao waliinua shingo kumtazama huyo mwanamke aliyezaliwa na kaka na dada.

Ida alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, mkononi ameshika mfuko wa nailoni wenye karatasi zake zote. Alisali Salamu Maria moja moyoni, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Alikuwa anajijua. Akijibu kabla ya kusali, angejibu kwa kibao.

"Anselmi ni mjomba wangu," alisema. "Yeye na marehemu mama ni tumbo moja. Baba yangu ni Rafaeli, kama ilivyo kwenye cheti changu cha darasa la saba."

"Sasa nani alimwambia padre aandike Anselmi?"

"Hakuna aliyemwambia. Padre aliuliza mwenye mtoto, mjomba akasimama."

Beda alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanapanda mlima. Baba yake yeye alikuja Kilosa kukata mkonge, akitoka mbali, na kwao mtoto ni wa baba, basi. Lakini kwa Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba humzaa na humpenda, ila anayesimama mtoto akiumwa, akiposwa, akishitakiwa au akifa ni kaka wa mama. Mwaka 1943, padre mmoja mwenye ndevu alipopanda Lukwembe, kijiji cha mlimani, kubatiza watoto wachanga, aliketi kwenye kiti chake cha kukunja, akafungua daftari, akauliza mwenye mtoto. Rafaeli alikuwepo pale pale, amevaa kanzu safi, lakini hakusogea, kwa kuwa haikuwa zamu yake. Aliyesogea ni Anselmi. Padre akamwandika baba, kama alivyozoea kwao. Kila mtu alirudi nyumbani ameridhika, na kosa likalala ndani ya daftari miaka thelathini na miwili bila kumsumbua mtu.

Sasa lilikuwa limeamka, na lilikuwa limeamka wiki mbaya.

Ida alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Sweden, katika chuo cha walimu wa watu wazima. Barua ya kukubaliwa ilikuwa ndani ya ule mfuko, imekunjwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa pia na picha nne, kadi ya njano ya chanjo, barua ya daktari na picha ya kifua, barua ya polisi ya tabia njema, barua ya mwenyekiti wa kijiji chake cha Masanze, na fomu ya viza aliyoijaza kwa penseli kwanza, ndipo akaipitia kwa wino. Kilichobaki ni kiapo cha kuzaliwa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Mkoba wa posta wenye karatasi za wasafiri ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Nitakusaidia," Beda alisema, akishusha sauti kama mtu anayegawa sukari ya magendo. "Nenda kwa hakimu, uape kwamba baba yako ni Anselmi. Hilo Rafaeli useme ni jina la babu. Karatasi zitapatana, na leo leo umemaliza."

"Hicho ni kiapo cha uongo."

"Ni karatasi tu, dada."

"Na Biblia nitakayoishika, nayo ni karatasi tu?"

Beda akaacha kutabasamu. "Basi mlete huyo Rafaeli. Asimame mbele ya hakimu, au atie sahihi hapa kwenye fomu ya mzazi, aseme wewe ni mwanawe. Bila hivyo sipokei kitu. Kiapo chenye mambo ya wajomba sikitaki mezani kwangu."

Akamrushia fomu moja juu ya kaunta. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza uliuliza jina la baba. Wa pili uliuliza aliyemlea na kumsomesha mwombaji. Ida aliisoma yote palepale akiwa amesimama, polepole, kidole kikiwa chini ya kila neno. Tabia hiyo hakuwahi kuiacha, na wala hakuionea aibu. Alianza kusoma akiwa na miaka ishirini na miwili.

*

Jua lilikuwa bado liko juu alipofika Masanze. Mjomba Anselmi alikuwa nyuma ya nyumba akisuka ghala jipya la mahindi, maana la zamani liliachwa Lukwembe mwaka uliopita, walipohamishwa wote na Serikali kushuka kijiji cha ujamaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Wamekupa tiketi?"

"Bado. Wamenipa neno."

Akamweleza yote. Alipanga kuficha kile kicheko cha Beda, lakini mjomba alikuwa mtu wa kuuliza jambo mpaka chini, na mwishowe Ida akamwambia hata cha kubisha hodi chumba cha pili. Mikono ya mzee ilisimama juu ya fito.

"Unasemaje mwenyewe?" aliuliza.

"Nataka uje nami kwa hakimu. Useme wewe si baba yangu."

"Niende barazani niseme wewe si wangu?"

"Sikusema hivyo, mjomba. Nimesema uwaambie wewe si baba."

"Padre aliuliza, nikasimama. Mbele ya Mungu nilisimama. Hata leo akiuliza nasimama." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Huyo Rafaeli alipofuata reli ulikuwa na miaka minne. Agnesi alipokufa ulikuwa na tisa. Uji wa nani ulikunywa? Ulipotaka kwenda kusoma jioni na watu wote wanakucheka, nani alichukua jembe lako? Miaka mitano nimelima mashamba mawili, langu na lako, ili wewe ushike chaki. Wakitaka niape, nitaapa kwamba wewe ni mwanangu. Sitakuwa nimesema uongo."

Ida alijua kwamba hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Mzee alikuwa tayari, karani alikuwa tayari, na hata mbingu, ungesema, zingeweza kufumba jicho moja. Lakini alikuwa ameanza kumjua Mungu vizuri katika zile jioni za kusoma, na Mungu huyo hakuwa mtu wa kufumba jicho.

"Wewe hutasema uongo, mjomba, kwa sababu unajua unachomaanisha," alisema. "Lakini wao wataandika uongo. Na mama yangu atakuwa ndani yake."

Mzee aliuchomeka ufito mmoja kwa nguvu, ukavunjika, akautupa, akaingia ndani. Ida alimsubiri mpaka jua likagusa kilima. Mzee hakutoka. Ida alikuwa na wanafunzi ishirini na saba waliokuwa wakimngoja shuleni, wengi wao mama watu wazima waliojitanda khanga zao za shambani. Akaenda kuwafundisha kuandika majina yao.

*

Jumatano alipanda gari moshi la mchanganyiko kwenda Mikumi, mabehewa ya mizigo mbele, abiria nyuma. Kutoka Kilosa si mbali kwa anayepaa, lakini lile gari lilisimama kila penye mtu mwenye gunia. Njia nzima Ida alisali rozari kwa vidole, maana shanga zake zilikatika. Hakuomba baba akubali. Aliomba asiogope.

Rafaeli alikuwa mnyapara wa genge la reli, anakaa katika nyumba ya matofali jirani na stesheni, na pia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ida alikuwa amemwona mara tatu tu maishani tangu utoto wake. Alimkuta ameketi barazani kifua wazi, akikwangua tope kwenye viatu kwa kisu. Alipomtambua alisimama kwa haraka, akaingia ndani, akatoka amevaa shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba! Regina! Njoo umwone mgeni. Huyu ndiye binti yangu niliyekuambia nimesikia anakwenda Ulaya!"

Regina, mke wake wa huko, mwanamke mnene mwenye uso mwema, alitoka akijifuta mikono, akamkumbatia Ida kana kwamba walilelewa pamoja. Kabla chai haijachemka, Rafaeli alikuwa amekwisha kuwaita majirani wawili na fundi mmoja wa reli aitwaye Lupakisyo.

"Tazameni," Rafaeli aliwaambia. "Damu hii. Mlikuwa mnasema mnyapara hana mtoto aliyesoma."

"Amefanana na wewe paji la uso," Lupakisyo alisema. "Ila hili lake lina kitu ndani."

Wakacheka wote, Rafaeli akicheka zaidi. Ida naye alicheka kidogo. Ilikuwa vigumu kumchukia mtu mwenye furaha namna ile. Majirani walipokunywa chai na kuondoka, alitoa fomu kutoka kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza, akaeleza kilichomleta.

Rafaeli alichukua miwani ya Regina, akaisoma fomu. Alitikisa kichwa akikubali. Kisha kidole chake kikashuka kwenye mstari wa pili, kikakaa hapo.

"Huu nao tutaandika jina langu," alisema.

"Huo ni wa aliyenilea na kunisomesha, baba."

"Nimeuona. Andika hapo: amelelewa na kusomeshwa na baba yake, Rafaeli. Nipe kalamu. Ijumaa napanda nawe mpaka kwa hakimu, nauli juu yangu, na ukitaka nitakuja mpaka uwanja wa ndege."

"Ulinisomesha lini, baba?"

Alimwuliza taratibu, bila kejeli. Regina aliweka chini birika.

"Usihesabu mambo ya zamani," Rafaeli alisema. "Mimi nilikuwa nataka kukuchukua. Kina Anselmi walikataa. Ndiyo desturi yao, mtoto wamemfungia. Ningefanyaje? Nipigane na ukoo mzima? Sasa Serikali inauliza mtoto wa nani, siyo ukoo. Huu ndio wakati wangu."

Kulikuwa na ukweli katika maneno hayo, na Ida aliusikia. Alimwona kijana wa mwaka arobaini na tatu amesimama na kanzu yake safi, mtoto wake akisimamiwa na mtu mwingine. Alimhurumia. Lakini huruma ni kitu kimoja, kiapo ni kingine.

"Desturi haikukukataza kunitembelea," alisema. "Gari moshi hili nililopanda leo linashuka Kilosa pia. Baba, damu yako iko mstari wa kwanza, na hakuna mtu atakayeitoa. Huo wa pili ni wa jembe. Jembe alilishika mjomba."

"Kwa hiyo mimi niandikwe kama jogoo? Nilipita tu uani?"

"Utaandikwa baba. Ndivyo ulivyo."

Rafaeli alivua miwani. Uso wake ulikuwa umejikunja kama mtu aliyetafuna kwinini. "Balozi hapa ni mimi. Watu wa nyumba kumi wataniuliza, nani alimsomesha binti yako, niseme nani? Mkulima wa mtama? Ama mistari yote miwili, ama hakuna hata mmoja. Chagua."

"Mzee," Regina alisema, "mtoto amekuja kwa adabu. Mpe sahihi yake aende zake."

"Wewe usiingie!"

Lori zilikuwa zikinguruma kwenye barabara kuu, zikienda Zambia. Ida aliikunja fomu mara moja, mara mbili.

"Nakuheshimu, baba," alisema. "Shikamoo yangu umeipata, na kila nikija utaipata. Uongo wangu hutaupata."

"Basi nenda kwa mjomba wako akakuandikie hiyo viza!"

"Nakwenda."

Regina alimsindikiza mpaka barabarani, akamwekea mihogo miwili ya kuchoma ndani ya mfuko wa karatasi. Walipofika akamwambia, "Mimi nina mabinti watatu hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu vile." Haikujulikana kama alikuwa akimlaumu au akimsifu, ila alimshika mkono kwa muda mrefu.

Gari moshi la kurudi lilikuwa mpaka Jumamosi. Ida alipata lori lililopeleka magunia matupu ya pamba Kilosa, akapanda juu ya magunia pamoja na akina mama wengine wawili. Akiwa juu kule, vumbi likimjaa puani, alimwambia Mungu ukweli, maana hakuona faida ya kumwambia kitu kingine. Alimwambia kwamba ana hasira. Kwamba amefika miaka thelathini na miwili akichekwa: alichekwa akishika kalamu kama mwiko, alichekwa akifanya mtihani kati ya watoto wa miaka kumi na minne, na sasa anachekwa kwa kuzaliwa. Kwamba anaitaka safari hii kwa nguvu zake zote. Na kwamba, pamoja na hayo yote, hatashika Kitabu chake na kusema la uongo, kwa hiyo Yeye mwenyewe atazame la kufanya.

"Unaongea na nani, mwenzetu?" mmoja wa wale akina mama aliuliza.

"Na Mkubwa."

"Mwambie na mimi bati langu linavuja."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa nje ya mahakama ya mwanzo, peke yake, na mfuko wake. Usiku uliotangulia alikwenda kwa mjomba, akakuta mlango umefungwa. Jirani alisema mzee ametoka na fimbo, hakuaga. Ida aliazimia kuingia hivyo hivyo. Angesema yote mwenyewe.

Walipoita jina lake aliinuka. Na alipoinuka alimwona Anselmi akitokea kwenye kona ya jengo, miguu ina vumbi mpaka magotini, amevaa koti lake la mazishi. Nyuma yake alikuja mama mmoja kikongwe mfupi, akiegemea bega la mzee. Ida alimfahamu. Alikuwa Filomena, mama yake wa ubatizo, aliyekuwa amehamishiwa upande wa Chanzuru. Kumbe mzee alikuwa amekwenda kumfuata huko kwa miguu.

"Shikamooni," Ida alisema, akifuta macho.

"Marahaba," Anselmi alijibu. "Usilie. Hakimu atadhani umeiba."

Hakimu alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Aliweka karatasi ya ubatizo upande huu, cheti cha darasa la saba upande ule, akamtaka Ida aeleze kwa nini hazipatani. Ida akashika Biblia, akaeleza. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema baba yake yu hai na yuko Mikumi, kwamba alimwendea Jumatano, na kwamba alikataa kutia sahihi.

"Kwa nini alikataa?"

"Alitaka aandikwe ndiye aliyenilea. Hakunilea, mheshimiwa."

Watu waliokuwa ukumbini waliguna. Hakimu akamgeukia Anselmi.

"Mzee, wewe ni nani kwa huyu?"

Anselmi alisogea mpaka mbele ya meza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde:

"Mimi si baba yake. Mimi ni kaka wa mama yake. Padre aliuliza mwenye mtoto, nikasimama, kwa sababu kwetu anayesimama ni mimi. Sikumdanganya padre, na padre hakunidanganya. Yeye alijua vya kwao, mimi vya kwetu. Lakini nimeambiwa kuna watu hapa mjini wameisoma karatasi hiyo wakamcheka dada yangu kaburini. Agnesi alikuwa mke wa mtu, wa ndoa ya kanisa. Basi nimekuja kusema mbele ya watu, mumewe ni Rafaeli, na mtoto alimzaa Rafaeli. Mimi nimelea. Mtu anayetaka kucheka, anicheke mimi niko hapa na fimbo yangu."

"Fimbo iache chini, mzee," hakimu alisema, lakini kwa upole.

Filomena naye aliapa kwamba alimpokea mtoto siku ya ubatizo, na kwamba Rafaeli alikuwepo amevaa kanzu ya kuazima. "Kanzu yenyewe ilikuwa ya mume wangu," alisema. "Aliirudisha na doa la mafuta."

Hakimu alivuta karatasi nyeupe na kuanza kuandika. Alipofika katikati aliinua kalamu. "Dada, huyo karani wa wilayani atakuambia kiapo hiki kina maneno mengi. Na hao wa ubalozi wanaweza wasielewe habari ya mwenye mtoto. Wanaweza kukunyima viza kwa mstari huu mmoja. Nikitaka naweza kuandika kwa kifupi, baba Rafaeli, nikaliacha la malezi."

Ida alimtazama mjomba. Mzee alikuwa akitazama miguu yake yenye vumbi.

"Liandike, mheshimiwa," Ida alisema. "Fomu imeuliza. Wakininyima, wawe wameninyima mimi, siyo mtu mwingine wa kwenye karatasi."

Muhuri ulipigwa saa tano na dakika kumi.

*

Beda alikuwa na mkoba wa posta mezani, ukiwa bado haujafungwa. Alikisoma kiapo, midomo ikichezacheza. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Baba hakutia sahihi."

"Hakimu ametia. Ameandika hapo kwamba inatosha."

"Na hili la mjomba ni la nini? Wazungu hawajui mjomba. Watadhani ni mume wako." Akachukua kalamu yenye wino mwekundu. "Nitalikata hili, nibakize jina la baba. Nakusaidia."

Kalamu haijagusa karatasi, mkono wa Ida ukawa tayari juu yake, umefunika mstari wote. Ulikuwa mkono mpana, wenye sugu za jembe na chaki kwenye kucha.

"Toa mkono, ndugu Ida."

"Weka kalamu chini kwanza, ndugu Beda."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mtumishi wa umma. Ndivyo tunavyofundisha darasani. Hicho ni kiapo cha mahakama. Ukikikata wewe, umemkata hakimu, na yuko hatua mia moja kutoka hapa. Twende wote ukamweleze?"

Benchi lote lilikuwa linasikiliza. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kwa ajili ya uhamisho wa mwanawe alisema, "Mwanangu, kalamu nyekundu hiyo weka tu chini." Mlangoni, kando ya Filomena, alisimama Anselmi, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Hawataelewa," Beda alisema tena, lakini kwa sauti ndogo.

"Wasipoelewa wataniuliza. Nafundisha watu wa miaka sitini kusoma kwa mwanga wa kibatari. Sitashindwa kumweleza Mzungu mjomba ni nani, mchana kweupe."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, na safari hii hakumcheka yeye. Beda aliiweka kalamu. Alizikusanya karatasi moja baada ya nyingine, akazihesabu mbele yake kama Ida alivyomtaka, akazitia kwenye bahasha kubwa, akapaka gundi, akaandika anwani. Ida alisoma anwani hiyo juu chini kutoka upande wake wa kaunta, kidole hewani, na kwenye neno la tatu akamwonyesha herufi iliyopungua. Beda akaiongeza. Bahasha ikaingia mkobani, na mkoba ukafungwa kwa kamba na muhuri wa risasi.

"Haya, imekwenda," alisema, amechoka. "Usije hapa kila siku. Majibu yakija utaitwa."

"Nitakuja Jumatatu," Ida alisema, "na kila Jumatatu." Akachukua mfuko wake mtupu, akamshika mkono Filomena pale mlangoni, wakatoka nje pamoja na mjomba.